Sura ya Nne: Kazi Iliyobaki Katika Karatasi

Mchuuzi wa karanga aliyekuwa akipita mtaani kwetu Tanga baada ya sala ya alasiri, kikapu kimemkaa begani na sauti yake imemtangulia kwa nyumba tatu au nne, hakuwa na mizani wala mfuko; kipimo chake kilikuwa kikombe kidogo cha bati, na chombo chake kilikuwa ukurasa wa daftari kuukuu, aliousokota kwa vidole mfano wa pembe, akaikunja ncha, akamimina, akafunga juu, yote hayo kabla mtoto hajamaliza kuhesabu senti zake. Sisi watoto tulizila karanga, kisha, kwa kuwa vitabu vilikuwa adimu majumbani mwetu, tuliikunjua ile pembe tukasoma. Siku moja niliangukia hesabu ya kugawanya iliyokosewa, na pembeni mwake wino mwekundu wa mwalimu umeandika neno moja tu, "Rudia." Sikumjua mwanafunzi, wala skuli yake sikuijua, lakini neno lile lilinishika kana kwamba nimeandikiwa mimi, nikairudia hesabu ile kwa kijiti mchangani, mpaka ikatoka sawa. Ukurasa wenyewe niliutupa, na mbuzi wa jirani akauokota akautafuna kwa utulivu, chumvi na mafuta ya karanga vikiwa ndani yake.

Nikihesabu, ukurasa ule ulikuwa umemtumikia mwanafunzi, ukamtumikia mwalimu, ukamtumikia mchuuzi, ukanitumikia mimi, ukamalizia kwa mbuzi, na katika watu wote hao hapana hata mmoja aliyeudai ila kile ambacho wakati ule ulikuwa unakiweza. Hiyo ndiyo rai ninayotaka kuieleza katika sura hii, nayo si kubwa. Karatasi ikiisha kusomwa huwa imeishiwa na kazi moja, na nyingine imebaki ndani yake. Na ustadi wa mtu anayetaka kuifanya sanaa kwa takataka za nyumbani mwake si wingi wa vifaa wala wepesi wa mikono, bali ni kuitambua ile kazi iliyobaki, asiidai karatasi impe isichokuwa nacho. Nimewaona watu wengi, nami ni mmoja wao, walioianza sanaa hii kwa bidii wakaiacha kwa hasira, na kosa lao lilikuwa kwamba walitaka shanga kwa gazeti na waraka wa kuandikia kwa kasha la sabuni.

Majina mawili tuliyo nayo ya kitu hiki yametufikia kwa bahari. Karatasi ni kirtasi cha Waarabu, ambao nao walilipokea neno hilo kutoka kwa Wayunani. Na waraka, kwa asili yake, ni jani la mti, jina ambalo kwa uzuri wake limewapoteza wengi, maana karatasi haikupata kuwa jani. Karatasi ni mkeka usiosukwa: nyuzi ndogo mno, ambazo jicho tupu huziona kwa shida kwenye ukingo uliochanwa, zilielea majini pamoja, zikatua juu ya wavu zikipandana huku na huku bila mpango, na maji yalipokwisha kuchuruzika na kukauka zikashikana zenyewe kwa zenyewe. Hapana gundi iliyoziunganisha, kwani kuondoka kwa maji ndiko kulikozivuta zikakumbatiana, na kurudi kwa maji ndiko kunakoziachisha, na ndiyo sababu barua iliyosahauliwa katika mfuko wa kanzu hutoka ndani ya beseni la kufulia ikiwa rojo. Ajali hiyo, ambayo kila nyumba imewahi kuilaani, ndiyo elimu yote ya kuzaliwa upya kwa karatasi.

Wala asidhani mtu kwamba kufanya karatasi kwa vitu vilivyochakaa ni jambo la zama zetu hizi za kuhimizana usafi wa mazingira. Tarehe humtaja Cai Lun, mtumishi katika kasri la wafalme wa Uchina, aliyempelekea mfalme wake habari ya karatasi mwaka 105, na ingawa vipande vya kale zaidi yake vimefukuliwa katika nchi ile ile, vitu vilivyotajwa kuwa ndiyo mali ghafi yake ni magome ya miti, matambara, na nyavu kuukuu za wavuvi. Ilipofika Samarkand, na mwishoni mwa karne ya 8 ikafika Baghdad, karatasi ilikuwa mtoto wa matambara, na katika Ulaya ilidumu hivyo kwa karne nyingi baadaye. Abd al-Latif, tabibu na mwanachuoni wa Baghdad aliyekaa Misri mnamo mwaka 1200, ameandika kwamba watu wa huko walikuwa wakiingia katika makaburi ya kale, wakawavua wafu wa zamani vitambaa walivyofungiwa, na vile visivyofaa kushonwa nguo wakawauzia watengenezaji wa karatasi, nao wakavifanya karatasi za wenye maduka kufungia bidhaa. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka mchuuzi wangu wa karanga, nikamshukuru Mungu kwamba pembe zake zilikuwa za madaftari.

Nasi katika pwani hii tuna sehemu yetu ya habari hizo. Misahafu iliyonakiliwa Siyu, katika kisiwa cha Pate, katika karne ya 18 na ya 19, kwa hati na nakshi ambazo mpaka leo huwashangaza wajuzi, imeandikwa juu ya karatasi zilizotoka Italia kwa merikebu. Na karatasi za Italia za zama hizo zilifanywa kwa matambara ya kitani na pamba. Kwa hiyo yamkini kanzu ya mkulima asiyejulikana wa upande ule wa bahari, baada ya kuchakaa mgongoni mwake na kutwangwa katika kinu cha maji, ilikuja kupokea wino wa fundi wa Siyu, na ikapata taadhima ambayo mwenye kuivaa hakuiota. Mti uliingia katika shughuli hii juzi tu: mwaka 1844 mfumaji mmoja wa Saxony, Friedrich Gottlob Keller, alifaulu kuusaga mti kwa jiwe la kunolea ukawa rojo, na tangu hapo karatasi ikawa nyingi, ikawa rahisi, na tukaanza kuitupa.

Jambo la kwanza basi ni kuchagua, na kuchagua kuna adabu yake. Katika nyumba ya Kiislamu haifai hata kidogo ukurasa wenye aya, au hata kalenda yenye jina la Mwenyezi Mungu, kutumbukizwa pamoja na makaratasi ya sukari. Kurasa hizo huwekwa kando zikapewa heshima yake kama mashekhe walivyofundisha, kwa kuzikwa mahali safi au kwa kuchomwa moto. Barua za watu nazo huwekwa kando, kwa sababu nyingine: karatasi ikilowa huachana polepole, na mtoto aliyeketi kando ya beseni ana wasaa wa kusoma yasiyomhusu. Baada ya hayo mtu ayatoe makasha ya maziwa na ya maji ya matunda, ambayo yamepakwa plastiki ndani, na azitoe risiti laini zinazotoka katika mashine za madukani, kwa kuwa maandishi yake hayakuandikwa kwa wino bali kwa dawa iliyopakwa juu ya karatasi, ambayo haifai kushikwa shikwa ikiwa majimaji. Kinachobaki hugawanyika chenyewe kwa kupapaswa tu: madaftari na karatasi za ofisini, ambazo nyuzi zake ni safi na zenye nguvu; magazeti, ambayo ni laini, dhaifu, na hugeuka manjano yakiachwa juani siku mbili; kurasa zinazong'aa za majarida na kalenda; makasha na trei za mayai; na mwisho, sultani wa hizo zote, mfuko wa saruji.

Tuanze na madaftari, maana hayo ndiyo yanayozaa karatasi mpya, na hapo ndipo palipo na taabu na ladha ya kazi yenyewe. Kurasa huchanwa kwa mkono, wala zisikatwe kwa mkasi, vipande vya ukubwa wa stempu, kisha hulowekwa katika maji ya moto usiku kucha. Asubuhi yake hutwangwa. Nilipoijaribu kazi hii mara ya kwanza, nikiwa mwalimu kijana mwenye kuamini kila alichokisoma, nilikaa uani na kisu na ubao nikizikatakata karatasi zangu zilizolowa kama mtu akataye mchicha, na bibi yangu mzaa mama, aliyekuwa akinitazama kutoka kibarazani kwa muda mrefu kuliko alivyoweza kuvumilia, akaniambia, "Mume wangu, hicho kisu chakata tu. Kalete kinu."

"Kinu cha mpunga, bibi? Nitakitia wino."

"Wino utaosheka. Hiyo karatasi uliyoikata haitaungana tena."

Hakuwa amepata kuiona karatasi ikifanywa hata siku moja maishani mwake, lakini alikuwa ametwanga kwa miaka sitini, na alilijua jambo ambalo viwanda vyote vinalijua: kisu huufupisha uzi, na mchi huuponda ukafumuka pembeni ukawa na manyoya manyoya, na ni kwa manyoya hayo uzi mmoja humshika mwenziwe. Mashine za kusagia juisi walizo nazo watu siku hizi hufanya kazi ya kisu kwa haraka zaidi. Mwenye haraka na azitumie, kwa maji mengi na kwa muda mfupi, lakini mwenye kinu na mchi asizionee wivu. Rojo huwa tayari pale kijiko chake kimoja, kikikorogwa ndani ya gilasi ya maji na kutazamwa mwangani, kinapoonekana kama wingu lisilokuwa na madonge.

Chombo cha pili ni kiunzi cha mbao, na hicho aghalabu kimelala nyumbani tayari kwa umbo la fremu ya picha iliyovunjika kioo. Juu yake huwambwa wavu wa mbu wa dirishani, ukavutwa mpaka ukakaza kama ngozi ya ngoma, ukapigiliwa misumari midogo kwa karibu karibu. Fremu ya pili ya ukubwa ule ule, isiyokuwa na wavu, hukaa juu ya ile ya kwanza ili kulizuia rojo lisitoroke pembeni. Rojo hutiwa katika beseni pana lenye maji, likawa jepesi mithili ya uji wa mgonjwa, na hapo fundi huzishika fremu zake mbili pamoja, akazizamisha kwa upande wa ukingo ulio mbali naye, akazilaza chini ya maji, akaziinua sawa sawa kwa tendo moja lisilo na kusita, na maji yangali yanachuruzika akazitikisa kidogo kulia na kushoto, kisha mbele na nyuma, ili nyuzi zipandane. Tikiso hilo ni la sekunde mbili tatu tu, na atakayelichelewesha atakuta nyuzi zimekwisha kutua zilivyotua, na kila atakalolifanya baada ya hapo litakuwa tundu.

Karatasi iliyozaliwa hivi haishikiki. Ni unyevu wenye umbo tu. Hupinduliwa pamoja na wavu wake juu ya kitambaa kilichokwisha kuloweshwa, nami nimeona hapana kitambaa kinachoishinda kanga iliyofuliwa mpaka ikasahau rangi zake, kwa kuwa ni laini, hunywa maji, na haishiki nyuzi; wavu hukandamizwa nyuma kwa sifongo, kisha huinuliwa taratibu kuanzia upande mmoja, na karatasi hubaki juu ya kanga. Zikishapangwa kanga na karatasi, kanga na karatasi, mpaka kumi au zaidi, huwekwa kati ya mbao mbili na mtu mzito akakaribishwa kusimama juu yake. Katika nyumba yetu kazi hiyo ilikuwa ya mjomba, na hakukosa kuomba ujira.

Karatasi zangu za kwanza nilizianika juani. Jua la Tanga mwezi wa Januari halina simile. Baada ya saa moja nilizikuta zimejikunja zote kama sambusa zilizosahauliwa mafutani, na kila nilipoikunjua moja ilivunjika. Karatasi yataka kukauka polepole, imebandikwa juu ya kitu kilicho bapa, kama kioo cha dirisha au ukuta wa chokaa uliosuguliwa, kivulini, penye upepo. Nayo ikikauka hujibandua yenyewe, upande mmoja una ulaini wa kioo na wa pili una alama za kanga. Ikiachwa hapo itafaa kwa kadi na bahasha, lakini haitafaa kuandikiwa kwa wino, kwa kuwa wino utatawanyika ndani yake kama tone la mafuta katika unga. Dawa yake ni kanji, ile ile ya kutia kola na kanzu, ikapikwa nyepesi, ikapakwa kwa brashi, ikaachwa ikauke, kisha karatasi ikasuguliwa kwa mgongo wa kauri mpaka ikateleza. Waraki wa Baghdad na wa Uajemi walizifanyia karatasi zao hivyo hivyo kwa wanga na jiwe laini, ili kalamu ya mwanzi ipite juu yake bila kukwama, ilhali Wazungu walizichovya zao katika maji ya ngozi zilizochemshwa. Nami, pasina upendeleo kwa pwani yetu, nasema kanji inanuka vizuri zaidi.

Kalenda na majarida yasitiwe majini. Ulaini wake unatokana na udongo mweupe uliopakwa juu ya nyuzi, na udongo huo ukilowa hulifanya rojo kuwa zito lisiloshikana. Lakini kwa shanga hapana karatasi iliyo bora kuliko kalenda ya mwaka uliopita. Hukatwa pembetatu ndefu na nyembamba, kitako chake upana wa kidole na urefu wake kadiri ya shubiri na nusu, ikaviringishwa kuanzia kitakoni juu ya spoku ya baiskeli au kijiti cha meno, kwa kukaza, na ncha yake ikabandikwa gundi. Ikitolewa kijitini huwa ni shanga iliyonona katikati na kuchongoka kwenye miisho. Pembetatu hiyo ikikatwa upogo, upande mmoja umenyooka, shanga huwa na umbo la pia. Ikiwa ni mstatili, huwa mrija. Sasa lipo jambo moja ambalo mwanafunzi wa shanga hachelewi kulionea uchungu: picha yote hupotea. Atachagua uso wa mwari mzuri au bustani ya maua, ataviringisha kwa makini, na mwishowe haonekani mwari wala ua, kwani kinachobaki nje ni kingo za ule utepe tu, mistari myembamba iliyolaliana, na ile ncha ya mwisho. Kwa hiyo fundi haitazami picha. Hutazama rangi iliyoko ukingoni, na ukurasa wa tangazo la rangi za nyumba humfaa kuliko picha ya mlima.

Kampala, katika kilima cha mawe kilicho upande wa Kireka ambacho watu hukiita Acholi Quarter, akina mama waliokimbia vita vya kaskazini mwa Uganda wameifanya sanaa hii ikawa riziki, na shanga zao, zilizopakwa vanishi mara kadhaa na kutungwa kwa nyuzi, zimevuka bahari mpaka Ulaya na Marekani. Mwenye kuziona kwa mara ya kwanza huzidhania kauri au jiwe. Vanishi ndiyo siri yake, lakini siyo yote, kwa sababu shanga iliyolegea wakati wa kuviringishwa hufumuka hata ikipakwa mara kumi, na jasho la shingo moja likatosha kuimaliza.

Gazeti, ambalo kwa kutengenezea waraka halifai isipokuwa lichanganywe na karatasi zilizo bora kuliko lenyewe, lina heshima yake mahali pengine. Lichane kwa juu kwenda chini, kisha lichane kwa kukingama, nawe utaona kwamba upande mmoja lachanika moja kwa moja kama uzi, na upande wa pili lachanika upogo upogo. Hiyo ni kwa sababu mashine kubwa zilizolifanya zimezilaza nyuzi zake nyingi kwa kufuata mkondo mmoja. Tepe zilizochanwa kwa kuufuata mkondo huo, zikachovywa katika uji wa unga wa ngano, zikalazwa juu ya bakuli lililopakwa mafuta, tabaka moja likienda mashariki na la juu yake likienda kusini, mpaka matabaka manane au kumi, zikikauka hutoa bakuli jepesi lililo gumu kuliko mtu atakavyoamini. Watu wa Kashmir hufanya kwa rojo na matabaka ya karatasi visanduku na vyombo vya nakshi nzuri mno, sanaa waliyoipokea kutoka Uajemi, na jina lake la kale kwao ni kazi ya kalamdani, kwa kuwa vyombo vya kuwekea kalamu ndivyo vilivyoipa sifa. Huku kwetu adui wa vyombo hivi si maji, bali ni mende na ukungu, wanaoupenda ule uji kuliko tunavyoupenda sisi. Wajalidi wa vitabu wana desturi ya kutia katika uji wao matone machache ya mafuta ya karafuu, ambayo huuzuia ukungu, na katika pwani iliyo jirani na Unguja na Pemba mtu atakuwa na udhuru gani wa kuyakosa? Wako pia wanaotia mrututu. Huo ni sumu, nami siupendi katika nyumba yenye watoto.

Kuhusu kishada sitasema sana, maana kila mtoto wa pwani ana ilimu yake na hukasirika akifundishwa: ukurasa wa gazeti, chelewa mbili za mnazi, ugali uliopoa kuwa gundi, na mkia wa kitambaa. Ni wajibu kukiri tu kwamba kile ambacho katika chombo kingekuwa aibu ya gazeti, yaani wepesi na udhaifu wake, hewani kinakuwa ndiyo fadhila yake.

Mfuko wa saruji nimeuita sultani. Karatasi yake ya kaki hupikwa kwa njia iliyobuniwa na Carl Dahl mnamo mwaka 1879 katika mji wa Danzig, njia inayoziacha nyuzi za msonobari ndefu na imara, na kwa Kijerumani jina lake, kraft, ni nguvu. Una matabaka mawili au zaidi. La ndani lina vumbi la saruji na halina budi kukung'utwa nje ya nyumba, pua imefungwa, kisha likapanguswa kwa kitambaa chenye maji kidogo, kwani saruji huunguza ngozi. La nje aghalabu ni safi upande mmoja. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania bara tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya kaki inayokunjwa na kubandikwa kwa mkono imerudi madukani, na vijana wengi wameijua kazi hiyo bila ya kufundishwa na mtu. Kwangu mimi hakuna jalada la daftari linaloipita karatasi hii iliyofinyangwa mkononi mpaka ikawa na mikunjo ya ngozi ya mzee, ikapakwa mafuta ya nazi kidogo, ikasuguliwa.

Hata hivyo nyuzi huchoka. Kila zinapolowekwa na kutwangwa na kukaushwa hufupika na kukakamaa, na baada ya mara tano hadi saba hivi hazishikani tena. Hupita kwenye matundu ya wavu zikaenda na maji. Ndipo wafanyao kazi hii huchanganya rojo lao na nyuzi mpya, na Mungu hakuzifanya adimu kwetu. Katani, iliyoletwa Tanga mwaka 1893 na Richard Hindorf, huacha mabaki mengi kiwandani; mgomba ukishazaa huangushwa ukaoza shambani; na vyote viwili, vikikatwa vipande vifupi na kuchemshwa kwa saa kadhaa katika maji ya majivu, hulegea vikatwangika. Huko Iringa, kituo cha Neema Crafts, kilichoanzishwa mwaka 2003 kwa ajili ya watu wenye ulemavu, kilianza na vijana viziwi wakitengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Na huko Kwale, katika hifadhi ya Mwaluganje, karatasi za namna hiyo huuzwa kwa wageni. Wageni hucheka kwanza, kisha huzinusa, kisha hununua. Tembo hula nyasi na magome kutwa kucha, na chini ya nusu ya alichokila ndiyo anayoiyeyusha, kwa hiyo kazi ya kinu imekwisha kufanywa nusu yake bila ujira. Kilichobaki ni kuosha na kuchemsha sana.

Na zile zilizochoka kabisa, trei za mayai zilizokwisha kuzaliwa mara nyingi na vipande vya gazeti visivyofaa hata kwa kishada, mimi huzifanya vikombe vya miche. Utepe wa gazeti huviringishwa juu ya chupa, kitako chake kikakunjwa ndani pasipo gundi, kikajazwa udongo. Na mche ukiota majani manne hufukiwa na kikombe chake, mizizi isisumbuliwe. Mwaka uliopita nilipanda hivyo pilipili kumi na mbili nyuma ya jiko kabla ya mvua za vuli, na mwezi wa pili wake, kwa udadisi tu, nikaufukua udongo kando ya shina moja kwa ncha ya kijiko. Mizizi ilikuwa imekwisha kupita. Cha gazeti kilikuwapo kipande kimoja cha ukubwa wa ukucha, cheusi, na juu yake herufi tatu bado zasomeka, mwisho wa neno ambalo mwanzo wake ulikuwa umekwisha kuwa udongo. Nikakifukia, na jioni ile tukazichuma pilipili za kwanza.